Motere Uliyotufungia Haipandi Mlima

Baraka, Fizi
Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024

Mpendwa Mjomba Élie,

Nimekwisha kuweka tarehe, na sasa naweka ahadi: katika barua hii nitakuambia yote, hata yale ambayo Baba angependa niyapunguze na yale ambayo mimi mwenyewe ningependa kuyaruka. Usipoyajua yote hutaweza kutusaidia.

Kwanza nakusalimu sana. Habari ya Kigoma? Habari ya kazi, na ule mgongo wako? Mama Émilienne hajambo? Na mtoto, ameanza kutembea au bado anashika viti? Sisi huku tu wazima. Koko, mama yako, ana kikohozi cha mvua, lakini anakula na anagombana na kila mtu, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Mama yuko sokoni na ndagala zake za ziwani kama ulivyomwacha, ingawa mvua ya mwaka huu haiziachi zikauke vizuri. Mguu wa Baba hauzidi kuwa mbaya wala hauponi.

Tumekupigia simu tangu Krismasi, haipatikani. Mama anasema bila shaka umeiangusha tena majini. Ndiyo sababu naandika. Boti ya Mzee Mahmudu inavuka kesho asubuhi, na binti yake Husna, tunayekaa naye benchi moja darasani, ameahidi kumpa nahodha barua hii mkononi.

Unisamehe mwandiko. Siwezi kukaa. Naandika mistari miwili, nasimama, naenda kuangalia baiskeli chini ya paa la jikoni kana kwamba itaondoka yenyewe, kisha narudi na kusahau nilikuwa nimefikia wapi.

Ni kwa ajili ya baiskeli hiyo ninakuandikia, au tuseme kwa ajili ya motere, injini ile ndogo uliyoifunga juu yake.

Unaikumbuka siku ile. Baba alikuwa ametoka hospitali baada ya kuanguka kutoka kwenye gari la mizigo, na mguu wake wa kushoto ulikuwa hauwezi tena kusukuma pedali kwenye mipando ya mlima. Shule yake iko kule juu, kabla ya kufika Lubondja, na kupanda moto ya watu, pikipiki ya kulipia, kila siku kungekula mshahara wote, mshahara ambao wenyewe unakuja unapotaka. Ukaja na motere ile ndogo ndani ya gunia, ukaifunga pale uani, na mtaa wote ukasimama kutazama. Ulipomaliza ulipanda juu ya kigoda cha Koko ukawahubiria majirani. Ulisema motere hii si kama ya moto, haina mahali pake pa kuwekea mafuta ya kulainisha. Mafuta yanachanganywa na esansi, petroli yenyewe, ndani ya tanki, na ikinyimwa mafuta, pistoni itakaza na kukwama, safari itaishia hapo. Ulimalizia ukiinyoshea baiskeli kidole, "Kila mwenye atapanda hii kinga, aikumbuke mafuta."

Mjomba, walikusikia. Walikusikia kuliko ulivyotaka.

Muda mrefu mambo yalikwenda vizuri. Baba alikuwa akiondoka asubuhi na kurudi jua likiwa bado lipo, na chaki kwenye mikono ya shati. Wala baiskeli haikubaki yetu peke yetu. Baba hajui kumnyima mtu. Aliyepeleka mgonjwa aliiazima, aliyefuata muhogo shambani aliiazima, hata Mama Adolphine, shemasi wa kanisa letu, aliipanda mwenyewe kwenda kutembelea wagonjwa, kitenge amekifunga kiunoni mara mbili, na watoto wakimfuata mbio.

Tangu mwaka huu uanze, ikaanza kuishiwa nguvu. Asubuhi inawaka bila shida. Kwenye tambarare inakwenda, ingawa inatoa moshi mzito wa rangi ya buluu hata kuku wanahama. Lakini ikifika kwenye mpando wa kwanza baada ya daraja, sauti yake inashuka, inashuka, kama mtu anayezungumza huku amezibwa mdomo, na mwisho haisongi mbele hata ukizungusha mkono na kukaza gesi yote. Hapo Baba anashuka na kuisukuma kwa mguu ule ule. Anafika shuleni watoto wamekwisha kuchoka kuimba. Siku moja aliteleza kwenye tope akarudi suruali imepasuka gotini. Mama aliishona bila kuuliza.

Tulimwita fundi mmoja wa ufukweni, anayetengeneza motere za mashua. Alibadilisha buji, plagi ile inayotoa cheche, na kwa siku chache tulifurahi. Kisha uchovu ukarudi. Tulipomwita tena alikuwa na mashua tatu zinamngoja. Aliisikiliza akiwa amesimama tu, akasema imezeeka, tuiuze kabla haijawa chuma cha bure.

Na mnunuzi akapatikana upesi. Anaitwa Dieumerci, wa Lulimba, anataka kuifunga kwenye pampu ya kutolea maji mashimoni wanakochimba dhahabu. Alisema pampu haipandi milima, kwa hiyo nguvu iliyobaki inamtosha. Wakapatana na Baba kwamba atakuja kuichukua leo, Jumamosi.

Baba alituambia wakati wa chakula, kwa sauti ile anayotumia kusoma matokeo ya wanafunzi. Motere itauzwa. Baada ya Pasaka tutahamia wote karibu na shule yake. Mama ataacha nafasi yake sokoni, ile aliyoirithi kwa Koko. Na mimi, Mjomba, niko mwaka wa tano wa sekondari, section ya sayansi. Kule juu sekondari iko, lakini section ya sayansi haiko. Ningeanza upya katika ualimu, au ningekaa nyumbani kungojea. Baba hakulisema hilo. Alilipita kama mtu anayeruka shimo barabarani, akaniomba nimpe chumvi.

Nikampa chumvi. Sikuweza kulala vizuri wala kukaa vizuri. Darasani mwalimu wa fizikia alikuwa akieleza mambo ya gesi na shinikizo, na mimi nilikuwa nikiona motere tu. Nilijiambia: hiki si kitu cha uchawi. Kinavuta hewa na esansi, kinachoma, kinatoa moshi. Kama kimekosa nguvu, basi ama hakivuti, ama hakichomi, ama hakitoi. Hakuna la nne.

Jumatano nilimwomba Baba ruhusa ya kuifungua. Alikataa. Alisema, "Ketsia, ukivunja boulon moja tu ya kufungia, yule mununuzi hataichukua, na sisi tutabakia na kyuma."

Mama alikuwa anachagua ndagala, hakuinua hata macho. "Mwache afungue. Tangu wanaume bafunge, imepanda?"

Baba alicheka bila kutaka. Akaniruhusu kwa sharti moja, kwamba kila nitakachokitoa nikipange juu ya kitambaa kwa utaratibu wake, ili hata nikishindwa yeye aweze kukirudisha.

Nilianza na hewa. Filtre, kile kichujio chake, ilikuwa chafu, nikaiosha, haikubadilisha kitu. Esansi ilikuwa inashuka vizuri. Buji ilikuwa imelowa na nyeusi tii, ingawa ni mpya. Kisha niliwasha, nikaweka kiganja nyuma ya bomba la moshi. Mjomba, ungeshangaa. Ilikuwa pumzi ya mtoto anayepoza chai. Husna alikuwa nami. Naye akaweka kiganja chake, tukaangaliana.

Tulilifungua bomba lote, tukaiwasha motere bila bomba. Ililia kama bunduki, kuku wakaruka ua, Koko akatoka na fimbo akauliza, "Munataka kuniua mbele ya Pasaka?" Lakini nilisikia, na Baba aliyekuwa ndani alisikia pia: ilikuwa na nguvu. Ilinguruma kwa pumzi yote. Kumbe haikuwa imezeeka. Ilikuwa imezibwa.

Nilichungulia tundu la kutolea moshi kwenye silinda. Lilikuwa limebaki dogo kama kitundu cha kifungo. Ukoko mweusi, mgumu, umezunguka pande zote kama ule wa chini ya sufuria ya bugali. Bomba lenyewe nalo lilikuwa limejaa utomvu mweusi mpaka ndani. Niliogopa kutumia chuma, nisije nikakwaruza. Nikazungusha gurudumu taratibu mpaka pistoni ikafunga lile tundu, ili masizi yasiingie ndani, kisha nikakwangua kwa kijiti cha mwanzi nilichokichonga. Mikono yangu mpaka leo ni ya mtu wa makaa.

Bomba nililiweka juu ya mbabula ya Mama, jiko lake la makaa, ili ule utomvu uungue. Hapo nilikosa akili kidogo, maana maharage yalikuwa bado hayajaiva na alihitaji moto. Moshi uliotoka ulifika kwa majirani wa tatu. Usiku huo maharage yalikuwa na ladha ya motere, na Baba aliyala yote akisema yana nguvu.

Lakini sikutulia. Niliwaza: nimeondoa masizi, sawa, ila sijui yametoka wapi. Kama sijui yalikotoka, yatarudi. Mafuta yakizidi ndani ya esansi hayaungui yote, yanageuka ukoko, hilo nililielewa. Ila Baba anapima kwa uangalifu mkubwa, kwa kifuniko kile kile ulichomwachia. Nilimwona kwa macho yangu. Basi yanazidi kwa njia gani?

Alhamisi, baada ya shule, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya motere iliyofunguliwa, Mama Adolphine akaingia uani. Alikuwa ameazima baiskeli Jumapili. Mkononi alishika kichupa cha dawa ya kikohozi, na ndani yake mafuta ya motere. Alisimama, akatazama vyuma vilivyopangwa juu ya kitambaa, tanki likiwa pembeni, akasikitika.

"Sasa leo nitatia wapi?"

Nilimuuliza anatia nini. Akanieleza bila haraka, kama mtu anayemfundisha mtoto adabu. Kila akiirudisha baiskeli, huwa anaiongezea kidogo. Si yeye pekee, kila mtu anafanya hivyo. Alisema wewe mwenyewe uliagiza ikumbukwe mafuta. Jumapili alikuwa hana, ndiyo maana ameyaleta leo.

"Kila mara, Mama Adolphine?"

"Kila mara, mutoto yangu. Unafikiri nirudishe kinga ya watu kavu kavu? Mi ni muntu wa namna gani?"

Nilikaa chini kwenye vumbi. Kisha nikasimama, nikaenda kumwita Husna, tukazunguka mtaa mzima tukiuliza. Aliyefuata muhogo: alitia. Aliyepeleka mgonjwa: alitia, tena mara mbili, kwa sababu mgonjwa alipona. Kila mmoja alijiona yeye tu ndiye mwenye shukrani. Na hawakutia hadharani, maana mtu hajitangazi anapotoa shukrani; walikuwa wakitia Baba akiwa ndani, wakafunga tanki, wakaaga.

La mwisho lilitoka nyumbani kwa Husna mwenyewe. Mzee Mahmudu, kwa heshima ya Baba aliyewafundisha watoto wake wote kusoma, humpa kila juma chupa kubwa ya esansi kutoka kwenye pipa la boti. Husna alisimama njiani, akaweka mkono mdomoni. Motere za boti yao nazo hazina mahali pa mafuta. Esansi ya pipa lile imekwisha kuchanganywa tangu mwanzo.

Kwa hiyo, Mjomba, hesabu ilikuwa hivi: Mzee Mahmudu ametia, Baba juu yake anatia kama ulivyoagiza, na mtaa juu ya Baba unatia kama ulivyoagiza. Nakuambia bila kukulaumu. Koko ndiye anayekulaumu. Anasema tangu utotoni ukisema neno ulikuwa unalisema kwa nguvu mno.

Nilipomweleza Baba alikwenda kuvitazama vyuma juu ya kitambaa. Halafu akauliza tutawaambiaje watu waache, bila mtu kuona kwamba shukrani yake imetupwa. Hilo ndilo lililomsumbua, si motere. Mama Adolphine alikuwa bado yuko pale na kichupa chake, amekikumbatia, uso umeanza kubadilika.

Mama ndiye aliyetuokoa. Alimshika mkono akamwambia, "Mama Adolphine, motere imeshiba. Sisi njo hatujashiba. Ukiwa na shukrani, leta sombe."

Mama Adolphine alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Jana jioni tulipokea sombe, masufuria ya kisamvu, kutoka nyumba nne. Koko amekwisha kusema kwamba ameichoka.

Sasa naja kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka, na nimesimama mara tatu kabla ya kuianza.

Jana, Ijumaa, tuliirudisha motere mahali pake. Karatasi ya chuma inayokaa kati ya bomba na silinda ilikuwa imepasuka, nikakata nyingine kwenye kopo la nyanya, Husna akaifanya bapa kwa nyundo. Nilimwaga esansi yote ya zamani, nikaosha tanki, nikanunua esansi safi isiyochanganywa na kutia mafuta upya. Lakini kiasi gani? Kile kifuniko chako kilikwisha kupotea vumbini tulipofungua vitu, na maandishi kwenye chupa ya mafuta yamefutika. Fundi wa ufukweni ana kipimo chake, nahodha wa Mzee Mahmudu ana cha kwake, na cha mmoja ni karibu mara mbili ya cha mwenzake. Nilichagua katikati. Sikuwa na sababu nyingine yoyote isipokuwa kwamba ni katikati.

Tulikwenda kwenye mpando baada ya daraja. Baba alitaka kupanda mwenyewe, nikamwomba niwe wa kwanza, maana nikianguka mimi nina miguu miwili ya kusimama. Nilivaa suruali ya Baba chini ya sketi. Waendesha moto waliokuwa wanangoja abiria pale darajani walinipigia miluzi. Mmoja akaniuliza kama nimeombewa na shemasi kabla ya kupanda. Nilikaza gesi.

Mjomba, ilipanda. Sikugusa pedali. Ilipita pale ilipokuwa inanyamaza, ikapita pale Baba alipoteleza, ikapita kina mama wenye beseni waliokuwa wakinishangilia, ikafika juu kabisa. Nilitazama nyuma nikamwona Baba chini, mdogo, ameinua mikono yote miwili. Moshi ulikuwa mwembamba, hata sikuuona.

Lakini karibu na kilele nilisikia sauti nyingine ndani ya sauti ya motere. Nyembamba, kama kijiko kinachogonga glasi kwa haraka. Niliachia gesi, ikaisha. Nikakaza, ikarudi. Nikazima. Silinda ilikuwa ya moto sana, matone ya mvua yalikuwa yanaruka juu yake.

Hapo nikakumbuka nilichokiona Jumatano. Nilipokuwa nachungulia tundu la moshi kwa taa ya simu ya Husna, niliona mistari juu ya pistoni, imesimama wima, kama mtu aliyepitisha kucha kutoka juu hadi chini. Nilimwambia Husna huenda imezaliwa hivyo. Sikuwa na uhakika, maana huenda pia imekwisha kuanza kukaza. Nilitaka tu kuendelea na kazi.

Niliporudi chini Baba alikuwa anacheka na wale vijana wa moto, amesimama wima kuliko nilivyomwona tangu mwaka uanze. Nilimweleza juu ya ile sauti. Alisema motere yoyote ikipanda inalalamika. Nilimweleza pia juu ya mistari. Akasema tutaona. Nyumbani Mama alikuwa amekwisha kupata habari kabla hatujafika, na alikuwa anaimba.

Leo asubuhi Dieumerci akaja, na kamba mpya begani ya kufungia mzigo wake. Ni mtu mwenye maneno mazuri, hana ukali. Alimwamkia Koko, akakaa, akanywa chai, ndipo akasema, "Mwalimu, si tulishasikilizana?"

Baba akamjibu, "Tulisikilizana juu ya motere yenye haipande. Hii ya leo inapanda."

Dieumerci alicheka sana. Alisema kama inapanda, basi anaitaka zaidi. Kisha akaacha kucheka, akanigeukia mimi niliyekuwa mlangoni.

"Fundi, we njo uliifungua. Niambie kweli. Itabeba baba yako mpaka mwezi wa sita, shule ikifunga, ao itamutupa njiani?"

Wote walinitazama. Mama alikuwa ameshika birika hewani. Mjomba, nilikuwa na neno moja tu la kusema, fupi, na tungebaki Baraka. Nilikuwa nalo mdomoni. Ila nilikuwa naona ule mteremko upande wa pili wa kilele, wenye kona na mawe, na pistoni inakaza ghafla, na Baba juu yake na mguu ule usioweza kukanyaga chini haraka.

Nilisema, "Sijui. Mi naona iko na nguvu. Kama itadumu, sijui. Mujomba wangu njo anajua."

Mama aliweka birika chini. Baba akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Basi tungoje mujomba wake."

Dieumerci hakukasirika. Anangoja mpaka boti itakaporudi kutoka kwako. Kama jibu lako ni baya ataichukua, kama ni zuri atatafuta nyingine. Ila kamba yake ameiacha, imening'inia kwenye ua wetu, ili tusisahau. Naiona kutoka hapa nilipo. Upepo wa ziwa unaichezesha na kila ikisogea najikuta nimesimama.

Alipokwisha kwenda, Baba alikuja jikoni nilipokuwa naosha vikombe. Alishika kimoja akakifuta, ingawa kilikuwa kimekauka. Akasema, "Ungemujibu ndiyo, ningepanda Jumatatu."

Jumatatu atapanda moto ya watu, na wiki hiyo atalala kwa mwalimu mwenzake kule juu. Baiskeli inabaki na mimi.

Nimejitahidi kukuandikia kila kitu jinsi kilivyo, kwa utaratibu, kama vile vyuma juu ya kitambaa. Husna amekwisha kuja mara moja kuuliza kama barua iko tayari, na mvua inaanza tena. Mama anakusalimu, anasema ununue simu nyingine na uifunge shingoni. Baba anakusalimu kwa heshima. Koko anasema ule vizuri. Mama Adolphine anakuombea kila Jumapili kwa jina lako kamili, na Mzee Mahmudu anakutumia salamu za amani. Msalimie sana Mama Émilienne, umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa mkono wake ninyi nyote, azilinde kazi za mikono yako, na boti itukutanishe tena tukiwa hai.

Nahodha atakaa Kigoma usiku mmoja tu, kwa hiyo nakuomba unijibu papo hapo, hata kama ni kwenye kipande cha boksi. Kipimo cha mafuta niandikie, nitakifuata. Lakini jambo ninaloliuliza hasa ni hili moja, na usilipambe kwa sababu ya section yangu wala kwa sababu ya nafasi ya Mama sokoni. Pistoni yenye mistari ile, na sauti ile ya kijiko kwenye glasi: kama angekuwa ni baba yako, mwenye mguu ule, ungemwacha aipande?

Mpwa wako asiyetulia, anayekupenda na kukungoja,
Ketsia